Kwa nini kila siku ni sisi tunaovuka?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na chai yako nikuulize swali moja dogo. Ukisikia watu wakisema "muziki wa Zanzibar", unaona nini kichwani? Nina hakika unaiona Ngome Kongwe. Unaona kuta za mawe, taa za jukwaani, mgeni na kamera yake shingoni, na nje pale Forodhani moshi wa mishikaki. Huioni Wete. Huioni Konde. Chokocho ndiyo kabisa, pengine hata hujui iko upande gani wa dunia.

Basi nikuelekeze. Chokocho iko kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Ni kijiji chenye bandari ndogo, na anayekwenda Kisiwa Panza anapandia chombo hapo. Tunayo minazi, tunayo mikoko, tunao wavuvi, tunayo misikiti, na tunao vijana wengi ambao simu zao zimejaa nyimbo. Hao wa mwisho ndio walionifanya nikae kitako niandike leo.

Hoja yangu nitaisema mapema ili usije ukasema nimekuzungusha. MUZIKI WA ZANZIBAR UVUKE BAHARI UJE PEMBA. Usije mara moja kama sadaka, halafu tukakumbushwa miaka kumi kwamba tuliletewa. Uje kwa ratiba inayojulikana, na uje na vyombo vyake na wapigaji wake, sio ndani ya flashi. Tumechoka kuufuata.

Najua wapo ambao hapo tayari wameshakunja uso: "Haya, Wapemba wameanza tena kulalamika." Subiri kwanza tuhesabu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Kati ya hao, 543,441 walihesabiwa Pemba. Maana yake ni kwamba katika kila watu 100 wa Zanzibar, karibu 29 ni wa kisiwa hiki. Sasa chukua tamasha lolote lililojipa jina la Zanzibar. Chukua onesho lolote ambalo waandishi wenzangu waliliandikia kwamba "Wazanzibari walifurika". Walifurika wapi? Walifurika Mji Mkongwe. Wale 543,441 hawakufurika popote, walikuwa nyumbani kwao wanaangalia picha. Mwandishi anayeandika "Wazanzibari" huku akimaanisha watu wa mtaa mmoja wa kisiwa kimoja anakosea hesabu, tena hesabu ya darasa la nne.

Mwingine ataniambia: "Mbona hata Makunduchi hakuna matamasha? Mbona Nungwi wanasafiri kwenda mjini na hawapigi kelele?" Yakhe, usifananishe. Mtu wa Makunduchi anapanda daladala alasiri, anasikiliza muziki wake usiku, na akiwa na rafiki mwenye gari anaweza kulala kwake usiku uleule. Mtu wa Chokocho ana bahari mbele yake. Bahari haina daladala ya saa sita usiku.

Na bahari hii sio ya kufanyiwa maskhara. Kati ya Unguja na Pemba ni kama kilomita 50 tu, lakini katikati hapo upo mkondo wa Nungwi. Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba usiku ikiwa imejaza watu kupita kiasi, ilizama pale. Maiti zilizopatikana zilizidi 200, na wengine wengi hawakuonekana tena. Sidhani kama Pemba kuna mtu asiyemjua mtu aliyeondoka siku ile. Kwa hiyo mama yangu anapouliza "Unakwenda Unguja kufanya nini?" na mimi nikajibu "Nakwenda kusikiliza muziki", kile kimya chake nakielewa. Kuvuka kwa ajili ya hospitali anaelewa. Kuvuka kwa ajili ya masomo anaelewa. Kuvuka kwa ajili ya fidla na ngoma mbili ndogo, hapo inabidi amuombe Mungu aongeze subira.

Haya, sasa tuende kwenye historia kidogo, maana wapo wanaodhani kwamba muziki huu umeota Mji Mkongwe kama mpera na ukihamishwa utakufa.

Taarabu yetu ni mtoto wa safari. Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kwamba alivutiwa na muziki wa Misri, na akampeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze kupiga ganuni. Muziki ukavuka bahari kutoka Misri, ukaingia kwenye kasri ya mfalme. Mwaka 1905 wakajikusanya vijana wa mjini wakaanzisha Ikhwani Safaa. Muziki ukatoka kasri ukaingia klabu. Halafu akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, mtu wa shamba, akaingia mjini na kuishi Ng'ambo, akauimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alivuka hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, na kufikia hapo muziki wa kasri ulikuwa umeshakuwa muziki wa wapagazi, wauza samaki na mama ntilie. Mwaka 1958 ikaanza Culture Musical Club, ambayo baadaye ilivuka kwenda kupiga Ulaya. Na Bi Kidude, Mungu amrehemu, alivuka mara ngapi? Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya, na mpaka anafariki Aprili 2013 dunia nzima ilikuwa inajua jina lake.

Umeona mwendo? Kutoka Cairo kwenda kasri. Kutoka kasri kwenda Ng'ambo. Kutoka Ng'ambo kwenda Bombay. Kutoka Vuga kwenda Ulaya. Huu ni muziki ambao kazi yake ni kuvuka. Sasa nani aliyeamua kwamba ukifika Nungwi basi ndio mwisho, unatia nanga na kugeuka?

Sisemi kwamba vikundi havijawahi kuja Pemba. Vimekuja, na wazee wetu wanasimulia. Ninachosema ni kwamba kuja kwao ni bahati. Leo harusi ya tajiri, kesho mgeni wa serikali, keshokutwa kampeni. Kijana wa Chokocho hawezi kushika kalenda akasema: mwezi fulani, wiki fulani, nitaona watu wakipiga udi na fidla mbele ya macho yangu, hapa hapa kisiwani kwetu.

Badala yake tunaletewa nini? Tunaletewa tangazo lenye neno LIVE kwa herufi kubwa kama nyumba. Unalipa kiingilio. Unasimama. Anatoka bwana mmoja amevaa miwani ya jua saa nne ya usiku, mwenzake anachomeka flashi kwenye mashine, wimbo unaanza, na yeye anaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa. Akichoka kuimba, wimbo unaendelea kuimba! Akiinama kufunga kamba ya kiatu, sauti yake inabaki imesimama. Mimi mwenyewe nimelipa fedha yangu kuona mazingaombwe ya namna hii, na aliyeyaandaa sitamtaja kwa sababu hayuko peke yake. Mchezo huu umezoeleka mpaka wapo vijana wa miaka ishirini na kitu wanaodhani kwamba hiyo ndiyo maana ya onesho.

Ndiyo maana mwaka 2024 mimi na sahibu yangu mmoja tuliamua kuvuka. Yeye ni wa Kisiwa Panza, tumesoma pamoja, sasa ni mvuvi. Kuna kikundi kimoja cha kidumbaki ambacho tumekuwa tukikisikiliza tangu tuko skuli, kwanza kwenye kaseti ya kaka yake, baadaye kwenye simu. Jina lake nalihifadhi, maana sio wao ninaogombana nao. Tulisikia watapiga mjini, tukasema liwalo na liwe.

Kwa msomaji ambaye hajui kidumbaki nieleze kidogo. Taarabu kubwa inakaa kwenye viti na suti. Kidumbaki ni mdogo wake asiyekaa. Zinapigwa ngoma mbili ndogo za mkono, hivyo vidumbaki vyenyewe. Ipo fidla. Zipo cherewa za kutikisa, na mkwasa, yaani vijiti vya kugonga. Na lipo sanduku, ambalo ndilo besi. Nyimbo zinachukuliwa kutoka taarabu zinazovuma, lakini zikifika kidumbaki haziishi. Wimbo mmoja unamwagikia kwenye mwingine, mwimbaji anatupa maneno kwa waliokuwapo, mpiga fidla anaondoka peke yake anakwenda anakokujua yeye kisha anarudi, ngoma hazipumziki, na wachezaji wanaendelea mpaka jasho linadondoka. Linaweza kupita saa zima hakuna aliyenyamaza. Rekodi haina nafasi ya kubeba kitu kama hicho. Kwenye simu yangu wimbo ule una dakika sita. Usiku ule sikuweza kukwambia wimbo umeanza wapi na umeishia wapi.

Sasa sikiliza gharama yake. Sahibu yangu alivuka mara mbili. Alfajiri alitoka Kisiwa Panza kwa chombo hadi Chokocho, tukapanda gari hadi Mkoani, tukangoja boti ambayo ilichelewa bila ya mtu kutuambia neno, ndipo tukavuka kwenda Unguja. Onesho likaisha usiku wa manane. Hakuna cha kurudi. Tukalala kwa shangazi yangu Mwembetanga, juu ya mkeka, na siku iliyofuata tukarudi. Kiingilio cha onesho kilikuwa kidogo kuliko nauli ya kwendea peke yake. Na ilikuwa bamvua, siku ambazo mvuvi hapaswi kuwa popote isipokuwa baharini. Yeye alipoteza siku tatu za kazi. Mwenzake wa Michenzani alikwenda kwa miguu na viatu vya kandambili, akarudi kwake, akalala.

Halafu mtu ananiambia kwamba kiingilio kimewekwa nafuu kwa Mtanzania ili kila mtu afike. Ahsante sana. Ni jambo jema na nalipongeza, lakini nafuu hiyo inahesabiwa kuanzia mlangoni. Safari yetu inaanza kabla ya mlango.

Lakini sio gharama iliyoniuma zaidi. Kuna jambo jingine.

Ngoma zilipoanza, sahibu yangu hakucheza. Alipenya katikati ya watu mpaka akafika hatua mbili kutoka kwa mpiga sanduku. Akasimama pale. Sanduku lenyewe ni sanduku kweli, la mbao, limefunikwa chini, juu limetolewa uzi mmoja hadi kwenye ufito. Mpigaji anaegemeza mguu, mkono mmoja unausogeza ufito ili uzi ukaze au ulegee, mkono wa pili unadonoa. Basi. Sahibu yangu alikuwa na nyimbo zile kwa zaidi ya miaka kumi, na miaka yote hiyo aliamini kwamba ile besi inatoka kwenye gitaa la umeme! Alinigeukia akaniambia jambo moja tu usiku ule: "Kumbe hili hata mimi naliweza."

Wiki ya tatu alinitumia picha. Sanduku, ufito, na mshipi wa kuvulia. Sauti yake bado ni mbaya, nisikudanganye. Lakini watoto wa jirani hawabanduki pale.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, ndugu msomaji. Miaka kumi ya simu haikumfundisha kile ambacho dakika kumi za kusimama karibu zilimfundisha. Simu inakupa sauti, haikupi mikono. Mtu anakuwa mpigaji kwa sababu siku moja, akiwa mdogo, alimuona mpigaji. Mtoto wa Vuga anapita dirishani kwa klabu anasikia mazoezi, anachungulia, anafukuzwa, anarudi, mwisho anapewa cherewa ashike. Kuanzia mwaka 2002 kipo hata chuo, DCMA, ambacho mtoto wa mjini ameweza kujifunza ganuni na udi kwa mwalimu. Kipo Mji Mkongwe. Mtoto wa Chokocho achungulie dirisha gani? Halafu baada ya miaka ishirini tutakaa kwenye makongamano tuulizane kwa nini vikundi vinazeeka, kwa nini vijana hawapigi vyombo, kwa nini Pemba haitoi wapigaji. Ukimnyima mtu mbegu, usimuulize mavuno.

Tuje sasa kwenye visingizio, maana navijua vyote.

Cha kwanza: "Pemba hakuna soko." Soko gani, ambalo halijawahi kufunguliwa? Ukitaka kujua kama Wapemba wanapenda burudani nenda kwenye mchezo wa ng'ombe uone watu wanavyotoka vijiji vya mbali kwa miguu. Nenda kwenye msewe. Nenda kwenye kirumbizi. Watu hawa hawakosi hamu. Wanachokosa ni mtu wa kuleta kitu chenye thamani ya fedha yao, kwa bei inayoendana na mfuko wao, na siku ambayo haikukutana na bamvua!

Cha pili: "Wapemba ni watu wa dini, hawataki muziki." Hiki ndicho kinachonikera kuliko vyote, kwa sababu kinasemwa kwa sauti ya heshima. Kwani Unguja ni watu wa nini? Ikhwani Safaa waliokaa pamoja mwaka 1905 walikuwa watu wa dini gani? Wapo Pemba wasiotaka muziki, na nawaheshimu, wengine ni wazee wangu mwenyewe. Asiyetaka asije, na asisumbuliwe: onesho lisiwekwe karibu na msikiti, lisikatize sala, lisifanywe Ramadhani. Haya ni mambo ya adabu na yanapangika. Lakini sio haki mtu wa ofisini mjini kujificha nyuma ya ucha Mungu wa watu wengine ili asifanye kazi yake.

Na tukizungumzia Pemba na taarabu, naomba tukumbushane. Taarabu ni nini kama sio shairi lililopewa sauti? Pemba ni kisiwa cha washairi. Karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walikuwapo hapa Kamange na Sarahani, mafundi ambao tungo zao zilikusanywa na kutolewa kitabu, Kale ya Washairi wa Pemba, mwaka 2011. Kisiwa chenye maneno ya namna hiyo unakiambia muziki sio wako? Ni sawa na kumwambia mwenye shamba la karafuu kwamba harufu ni ya mjini.

Cha tatu: "Gharama ya kuvusha vyombo na jukwaa ni kubwa." Hapa nacheka. Januari 12, 2025 sherehe za kutimiza miaka 61 ya Mapinduzi zilifanyika Pemba, Uwanja wa Gombani. Jukwaa lilipatikana. Vipaza sauti vililia. Vikosi vilipita kwa gwaride. Wageni walipata pa kulala na pa kula. Na kila miaka mitano kampeni zikifika, maspika yenye urefu wa mtu yanavuka bahari bila ya kuugua kichefuchefu. Kwa hiyo njia ipo, na uwezo wa kuitumia upo. Kidumbaki kizima ni watu wachache, ngoma mbili, fidla moja na sanduku. Kinaingia kwenye gari moja ya abiria na nafasi ya magunia inabaki!

Tena mfano tunao wenyewe. ZIFF, tamasha la filamu lililoanza 1998, liliwahi kuwa na utaratibu wa kupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba. Kama skrini iliweza kuvuka, fidla itashindwaje?

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na waandaaji wa matamasha. Sauti za Busara ilianza mwaka 2004 na imefanya kazi kubwa, imewapa wasanii wetu jukwaa ambalo hawakuwa nalo. Najua pia kwamba mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu ya fedha. Kwa hiyo simwambii mtu anayehangaika kupata fedha za jukwaa moja kwamba alipe majukwaa mawili kutoka mfukoni mwake. Ninawaambia wenye fedha. Naiambia wizara inayoshughulikia utamaduni. Nazungumza na kampuni za simu ambazo Mpemba anazinunulia vocha kila siku kama anavyofanya mtu wa Unguja, tena kwa bei ileile. Na nazungumza na wafadhili wa nje wanaopenda sana neno "jamii" kwenye karatasi zao. Mnapotia fedha kwenye kitu chenye jina la Zanzibar, ulizeni swali moja kabla ya kusaini: Pemba itapata nini humu? Mkijibiwa "watu wa Pemba wanakaribishwa kuja", msisaini.

Ninataka nini hasa? Nisije nikaonekana hodari wa kulaumu tu.

Kwanza, kila tamasha la muziki linalopata mkono wa serikali liwe na usiku mmoja Pemba. Mmoja tu! Mwaka huu Chake Chake, mwakani Wete, mwaka unaofuata Mkoani. Uwanja upo, viwanja vya skuli vipo.

Pili, msanii au kikundi kinachokuja kisipige usiku tu na kupanda boti asubuhi. Mchana wake kiende skuli moja, kiweke vyombo chini, watoto washike. Washike kweli. Mtoto apewe fidla ailize kama paka, acheke, arudishe. Kati ya watoto mia mmoja hatalala siku ile, na huyo mmoja ndiye tunayemtafuta.

Tatu, liondolewe neno LIVE kwenye tangazo la mtu anayekuja na flashi. Aandike "ataimba juu ya CD". Atakayependa aende, ni hiari yake. Lakini tusiuziwe ngisi kwa jina la pweza.

Nne, nyinyi vijana wenzangu wenye kazi Chake, Unguja, Dar es Salaam na Muscat, mnaorudi Pemba kuoa na kuozesha. Mnakodi mapambo, mnakodi magari, mnakodi mpiga picha mwenye kamera inayoruka angani. Halafu muziki mnaweka spika na kijana wa kompyuta. Mmoja wenu akodi kidumbaki, hata mara moja, watoto wa mtaa mzima watakiona bure. Harusi ndiyo tamasha la zamani kuliko yote tuliyonayo, halihitaji mfadhili wala kibali cha wizara.

Na waandishi wenzangu, ombi langu kwenu ni dogo zaidi. Mkiandika "Zanzibar", hesabuni mpaka mwisho.

Mwezi mmoja baada ya safari ile rafiki yangu mmoja wa mjini aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini mimi na sahibu yangu tusihamie Unguja ikiwa tunapenda muziki kiasi hicho. Swali zuri. Kwa miaka mingi ndilo jibu tulilopewa kwa kila kitu: unataka chuo, hama, unataka kazi, hama, unataka daktari bingwa, hama. Sasa hata tukitaka kusikia fidla, tuhame? Kisiwa kikishahama chote, huo muziki wa Zanzibar atausikiliza nani, minazi?

Sisi tumevuka vya kutosha. Zamu ya bendi.

Naomba kutoa hoja.